Uani kwa Baba Hapawekwi Marumaru

Columbia Heights, Washington

Kaka Rajabu,

Assalaamu alaykum. Zipokee salamu zangu sasa hivi, moyo wako ukiwa bado mweupe, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukatamani kunirudishia. Mimi mzima, baridi imeanza kupungua, na kile kikohozi nilichokulalamikia kimeniacha. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au amempa jirani kama kawaida yake? Na presha yako je? Nauliza kwa sababu nataka ukae kitini kabla hujaendelea kusoma.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe unalo kumi. Karatasi huwezi kuikatiza. Utanisoma mpaka mwisho, kisha ufoke peke yako.

Ulitaka jibu langu kuhusu nyumba. Nakumbuka vizuri ulivyonieleza: yule mwekezaji ataikodi nyumba yetu hapo Pangani aifanye ya wageni, vyumba vya juu vipakwe rangi, na uani pawekwe marumaru ili wageni wanywe chai kivulini. Makaburi ya Baba na Bibi yasawazishwe, na majina yao yaandikwe kwenye kibao ukutani. "Kwa heshima kabisa, Zainabu," ukasema. Mama amesema lolote sawa, imebaki ridhaa yangu tu. Nikakuomba unisubiri nirudi safari. Nimerudi, na jibu langu ni hapana. Ila hapana kavu si adabu, kwa hiyo nisikilize.

Unamjua Bi Dorothy, yule mwalimu mstaafu wa Rockville ninayemhudumia. Miguu imemwisha nguvu, lakini mdomo, mashaallah. Mama yake alizaliwa Uingereza, katika mji wa kale wenye kanisa kubwa ajabu, na tangu utotoni Bi Dorothy alikuwa akisimuliwa dirisha la vioo vya rangi lililomo ndani yake. Akasema hafi bila kuliona. Watoto wake hawana nafasi, basi akanichukua mimi nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu.

Mji wenyewe ungeupenda. Tulijiunga na kundi la wageni wanaotembezwa kwa miguu, na mbele yetu alitangulia mzee mrefu mwenye mwavuli wa manjano, ndiye mwongozaji. Akatupitisha kwenye lango la ukuta wa zamani, akatuingiza vichochoroni ambamo nyumba za mbao zimeinamiana huko juu, mpaka mtu wa dirisha hili anaweza kumwazima chumvi wa dirisha lile. Nikajiona niko Pangani, nyuma ya nyumba ya shangazi. Njia zao zimetandikwa mawe ya mviringo. Kiti kikawa kinamrusharusha Bi Dorothy, naye anacheka na kunigombeza kwa zamu. Mwongozaji yule anaijua kazi yake, siwezi kumnyima haki yake. Kwa kila ukuta alikuwa na kisa chake.

Tulipofika kanisani, mlangoni nikafanya kituko. Nilivua viatu. Nimevivua, nimevipanga vizuri pembeni, nageuka naona kundi zima linanitazama. Mwongozaji akaniambia kwa upole, "Mama, hapa huwa hatuvui." Nikavivaa, nikacheka pamoja nao. Hilo halikuniuma hata kidogo.

Lililonisimamisha lilikuwa mbele. Kaka, sakafu ya kanisa lile ni makaburi. Mawe mapana yamelazwa, yameandikwa majina na sala, na watu wanapita juu yake na viatu vyao, wanapiga picha, wanatafuna peremende. Mengine yamelika kwa nyayo mpaka jina halisomeki, imebaki alama tu ya mahali lilipokuwa. Wenzangu wote wakapita. Mimi miguu ikagoma. Nikashika breki ya kiti.

"Twende, tafadhali, tusiachane," mwongozaji akaita.

"Siwezi kupita hapo," nikamjibu. "Kuna watu."

Akatazama huku na huku. "Watu gani?"

"Hao waliolala chini."

Kundi likaangua kicheko. Bwana mmoja akasema, "Ni mawe tu hayo, dada, hawasikii." Mwongozaji hakucheka, akanieleza kwamba wengine kati ya hao ni maaskofu, na wenyewe ndio walioomba kuzikwa pale ili wakanyagwe, kama ishara ya kujishusha mbele ya Mungu.

Nikamwambia, "Kama waliomba, hiari yao. Lakini kukanyaga ni mguu wangu, na huu mguu haupiti."

Naye akaanza kuchoka nami. Dirisha liko upande wa pili, akasema, na njia ni hiyo moja, kundi lina ratiba. Kisha akaondoka na mwavuli wake, na wenzetu nyuma yake. Nitakwambia ukweli, niliogopa. Yule bibi amengoja maisha yake yote, amevuka bahari, na mtu aliyemlipia tiketi amsukume amesimama kama mnazi. Nikajiona nimesharudishwa Marekani bila kazi. Hata hivyo sikusogea.

Bi Dorothy akageuza shingo. "Zainabu, hakuna njia nyingine?"

"Ipo, kando ya ukuta. Ila ni nyembamba na imejaa viti."

"Basi viti vihame," akasema. "Nimengoja miaka yote hiyo, nitashindwa kungoja uhamishe viti?"

Nikavihamisha, kimoja kimoja, huku kanisa zima likisikia vinavyokwaruza. Hatukuwa tumefika mbali mwongozaji akarudi kututafuta, akaona ninachofanya. Akasimama kidogo, kisha akaegemeza mwavuli nguzoni, akashika kiti upande wa pili. Ni mtu mwema, usije ukadhani nakwambia habari za mtu mbaya.

Hapo ukutani palikuwa na kibao cha jiwe, kizuri, maandishi ya dhahabu, jina la mwanamke na sifa zake. Nikamuuliza mwongozaji, "Huyu naye amelala wapi?"

"Alikuwa sakafuni," akajibu. "Walipoitengeneza upya, jina lake likapandishwa ukutani."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe kwa kweli hatujui tena alipo."

Alilisema bila wasiwasi, kama mtu anayekwambia basi limeshaondoka. Mimi nikashika ukuta. Nilikuwa nakisoma kibao kile lakini jina nililoliona ni la Baba. "Kwa heshima kabisa, Zainabu." Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu ya mwongozaji, ilikuwa juu yako.

Tukalifikia dirisha. Jua lilikuwa linapita ndani yake, na rangi zikamwangukia Bi Dorothy mapajani, nyekundu na buluu. Akalia kimya kimya, akamtaja mama yake. Baadaye akanishika mkono, akaniuliza wa kwetu wamelala wapi. Nikamwambia: uani, penye mwasmini, Bibi kwanza, na Baba miguuni pake kama alivyoomba mwenyewe. Asubuhi ya Idi tukitoka kuswali tunakwenda kuwapa salamu kabla hatujala kitu. Sikumwambia mipango yako. Niliona aibu.

Niliporudi hapa nikamsimulia Chantal, yule Mkongo ninayeishi naye. Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Yangu papa alikufaka ku vita," akaniambia. "Sijue hata kwenye alilala. Nikipita kwenye pori yoyote kule kwetu, naweza kuwa niko namukanyaga. Weye uko na kaburi, uko na jina, unajua kichwa iko wapi na miguu iko wapi. Na kaka yako anataka kutia karo juu?" Karo kwao ndiyo marumaru.

"Anasema dunia inakwenda mbele," nikamwambia.

"Iende. Ipite pembeni."

Basi hilo ndilo neno langu pia. Sikatai nyumba ikodishwe. Vyumba vinavuja, najua, na wewe ndiye unayehangaika navyo wakati mimi niko mbali. Mpe huyo mwekezaji vyumba vya juu, mpe baraza, mpe jiko. Wageni wake akipenda awatembeze mji mzima, awaonyeshe na milango yetu. Uani hapana. Pajengewe ukuta mfupi na mlango, ufunguo akae nao Mama. Asipotaka nyumba bila ua, aende zake salama. Usiniambie tena kwamba mimi niko Marekani sijui kitu. Ni kweli niko mbali, na ndiyo maana najua kukosa mahali pa kusimama na kusema Baba yupo hapa kunafananaje. Ukimleta fundi bila ridhaa yangu nitakuja mwenyewe, nitatandika mkeka uani nikae, na hayo marumaru watayaweka juu yangu.

Na usiseme haya nimefundishwa ugenini. Unamkumbuka yule jogoo mwekundu wa Mama? Nilikuwa namkimbiza uani, akakatiza juu ya kaburi la Bibi, nami nikakatiza nyuma yake. Ukanidaka mkono, ukanivuta mpaka bega likauma. "Unamkanyaga Bibi!" ukaniambia. Ukanirudisha, ukanilazimisha nimsalimie, kisha ukanipitisha pembeni taratibu, unanionyesha pa kuweka mguu. Nililia kwa hasira. Baba alikuwa dirishani anatuona. Akamwambia Mama, na mimi nikasikia, "Sina wasiwasi na siku yangu. Nimeshazaa mlinzi." Hakuwa ananisema mimi, Rajabu.

Mwambie Mama nampigia Ijumaa, na asimpe jirani dawa. Wifi Mwanaidi nampa pole ya kuishi na wewe, na lile gauni lake nimeshalipata. Shangazi Bi Time, anayefagia uani kila asubuhi bila kuombwa na mtu, mbusu mikono kwa niaba yangu, na mwambie aendelee kufagia.

Ukimaliza kusoma toka nje ukapunge upepo, najua utataka. Ila mlango wako wa nyuma unatokea uani, kwa hiyo pita kama ulivyonifundisha. Mimi nilizunguka kanisa zima kwa sababu yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyekubali,

Zainabu