Manyoya ya Kitsao

Mji wa Kale, Mombasa
11 Januari 2024

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Kifua chaendeleaje na baridi ya Leicester? Sisi wazima, alhamdulillahi. Tangu nilipoolewa na Kitsao simu zangu hushiki, basi nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati.

Watu wa tamthilia wamekuja mtaani kwetu, wanapiga picha za habari za Waingereza walivyoichukua pwani. Tumechukuliwa kuigiza, mimi na Umair! Ikitoka, kaa na kaka Quresh muitazame. Utamwona mjukuu wako. Ana macho yako, hasa akikasirika.

Kitsao naye kaacha mashine zake za boti kule Liwatoni siku mbili. Kavishwa ngozi na manyoya kichwani, kaambiwa angurume. "Ningurume nini?" "Chochote, nyinyi hapa hamsemi maneno." Akanigeukia: "Munazza, mababu zangu Wagiriama walinunua nguo kwa mababu zako. Leo hata shuka moja haikubaki?" Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Mwanao,
Munazza

Leicester
20 Februari 2024

Munazza,

Waalaykum salaam. Kifua hakijambo.

Sina haja ya kumtazama mtu wa ngozi na manyoya. Sisi watu wa duka la nguo Makadara, leo wewe waenda kujidhalilisha mbele ya dunia na mume uliyemchagua mwenyewe.

Mtoto analala? Mpake mafuta ya nazi utosini.

Mamako

Mji wa Kale
3 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umemuulizia mtoto! Analala vizuri, na mafuta nimempaka.

Mama, mambo yameharibika. Nimekaa mkekani na Umair mapajani, nimeambiwa niiname, ninyamaze. Mzungu wa tamthilia kasukuma mlango, kaingia na viatu vyake mpaka kwenye mkeka. Mdomo ukanitoka wenyewe: "We bwana, hodi iko wapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Mkubwa wao akataka turudie. Tukarudia, nikasema tena! Wallahi sikukusudia. Akaja: "Mama, wewe ni mwenyeji tu. Wenyeji hawaongei." Nikamwambia, "Mwenye nyumba asipoongea, ataongea nani?"

Nikatolewa, akawekwa jirani yangu Wendy. Naye akaninong'oneza, "Dada, hata mimi ulimi waniwasha."

Basi mimi na Umair hatumo. Yumo Kitsao peke yake, na huyo hutaki kumwona. Ndilo linaloniuma, maana nilitaka umjue mjukuu wako kabla hajaanza kutembea. Chumba chako cha juu Kitsao kakipaka chokaa. Dirisha nimeliacha wazi, kisinuke.

Mwanao,
Munazza

Mji wa Kale
8 Julai 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Jibu sijapata, labda ni posta. Umair ametembea leo, kutoka mlangoni mpaka kwa babake. Nilitaka ujue tu.

Mwanao,
Munazza

Leicester
19 Novemba 2024

Mwanangu Munazza,

Waalaykum salaam. Afya si mbaya.

Jumapili Quresh aliwaalika jirani zake biriani, wakafungua ile tamthilia. Mimi nikajifanya napanga sahani. Akatokea Kitsao. Nilimjua papo hapo, manyoya na yote. Muingereza anamchapa kiboko, naye ananguruma. Jirani mmoja akasema, "Hawa walikuwa wanyama kweli, heri walivyotawaliwa." Wenziwe wakacheka.

Munazza, kijana yule alikuwa akija kututengenezea jenereta dukani, ananiamkia kabla mimi sijamwona. Akipewa chai, anarudisha kikombe kakiosha. Sasa watu wamekaa wanakula biriani yangu, wamcheka.

Nikaweka sinia chini. Nikasema, "Huyo mnayemcheka ni mkwe wangu. Ana jina. Aitwa Kitsao."

Quresh akawa hajui atazame wapi.

Jirani hao watakuja tena mwezi ujao. Nataka picha yake, amevaa kanzu ya Ijumaa, amempakata mtoto. Iwe kubwa. Nitaitundika juu ya runinga, wakitazama huko wamtazame na yeye.

Mwambie namsalimu.

Mamako