Bendera Moja

Wirrabeal,
Jumapili, 21 Septemba

Dada yangu Iris,

Barua hii ikukute umeketi, maana ni ndefu na nyonga yako ni mpya kutoka kwa madaktari. Nakuletea salamu nyingi kuliko nzi wa Desemba mgongoni mwa mnyoa kondoo. Nyonga inakubali ngazi? Binti yako Colleen na mumewe wanakulisha vizuri huko pwani, au bado ni samaki kila siku? Mimi ni mzima, mbwa ni mzima. Jumanne tulipata mvua ya maana, ngano imesimama, na wakulima wamepunguza kununa kidogo, ingawa hawajaacha.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Niliacha shule nina miaka kumi na mbili, nikashika mashine ya kunyolea kondoo, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu. Lakini nikiambiwa ninyoe kondoo mia na tisini kutwa, nilikuwa nanyoa, na mpaka leo hakuna aliyenifikia katika wilaya hii, waulize wote. Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya wavivu, nimekwambia hivyo miaka mitatu sasa. Shika hilo hapohapo, nitalirudia.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeandika kwamba Brodie amekutia aibu, na kwamba hana moyo. Umeandika kwamba ulimlea mjukuu wako tangu akiwa na miaka minne, ukamvisha jezi namba tisa ya marehemu mumeo Frank, na sasa amekosa goli mbele ya watu wote kisha akakimbilia machimboni huko magharibi bila kuaga. Umesema Frank angekuwa hai angemvua jezi ile kwa mikono yake mwenyewe. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya kopo la chai. Imekaa hapo wiki tatu kama jiwe ndani ya kiatu.

Sasa nikueleze mambo tangu mwanzo, na mpira wetu huu wa umbo la yai, wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu. Wewe miaka yote ulikuwa unakaa ndani ya gari pembeni mwa uwanja ukifuma sweta, na ukisikia honi za magari ndipo unauliza nani kafunga, kwa hiyo usikasirike nikikueleza kama mgeni.

Mwezi wa tatu kocha Dooley aliwaita wachezaji watatu jikoni mwa klabu, Brodie mmoja wao. Mimi nilikuwepo, napasha soseji. Aliwaambia hana maneno mengi. Msimu huu ndio utaamua. Atakayeuvuka atapewa jezi mwakani, na asiyeuvuka atafute klabu nyingine au apike soseji na mzee Merv. Wale wawili walicheka. Brodie hakucheka. Kasoro yake aliijua, na mji mzima uliijua: mguu mzuri, lakini mechi ikibana anakosa. Mwaka juzi alikosa mbele ya milingoti mitupu, mwaka jana vilevile. Wakampa jina, wakamwita Mtetemo. Akipita dukani, mwenye duka anashikilia rafu, eti vikombe visianguke.

Kijana akafanya kazi, dada. Kila jioni akitoka kazini kwenye ghala la ngano alipiga mipira hamsini, na mimi nyuma ya milingoti namrudishia. Hakuna mwingine wa miaka sabini na minne anayeweza kurudisha mipira hamsini, lakini mimi niliweza. Kufika Julai alikuwa hakosi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemfundisha babu yake Frank kupiga. Si kweli, lakini nilimwambia.

Kazi yangu unaijua. Kila klabu hutoa mtu wake mmoja wa kusimama golini, avae koti jeupe na kofia, aangalie mpira umepita wapi. Ukipita katikati ya milingoti miwili mirefu, ni pointi sita, napeperusha bendera mbili. Ukipita kando, au ukigusa tu mlingoti mrefu njiani, hata kwa unywele, ni pointi moja na bendera moja. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na moja. Wapinzani wenyewe walikuwa wanasema Merv akinyanyua bendera, nenda nyumbani kanywe bia yako, mambo yamekwisha. Watu wana nyumba na matrekta. Mimi nilikuwa na neno hilo.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Tarrakee, hapa kwetu. Dooley alikuwa amemwambia Brodie wazi kwamba jezi yake ya mwakani iko ndani ya siku hiyo. Asubuhi nimevaa koti, watu wa Tarrakee wakaanza kunitania kwenye ua. Mmoja akasema leo mzee atapeperusha bendera mbili na shati lake juu, kwa kuwa mjukuu wa dada yake anacheza mbele. Wakacheka. Nami nikacheka, lakini liliniingia. Niliwaambia damu yangu haina macho ninapokuwa na koti hili.

Robo ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa golini upande wa makaburi, na sisi ndio tunashambulia upande huo. Tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Brodie akaruka juu ya watu wawili, akaudaka mpira umetulia kifuani, na aliyedaka hivyo haguswi, anapewa nafasi apige. Nikaona wachezaji wa Tarrakee wanashika vichwa, nikajua king'ora cha kumaliza mechi kimelia. Ina maana mpira ule ndio wa mwisho. Akifunga tumeshinda. Akikosa, yeye ndiye Mtetemo hadi kaburini.

Alivuta soksi, akapiga. Mpira ulipanda juu kuliko milingoti, ukaja upande wangu wa kushoto, jua limenikaa machoni. Nikaukaza macho mpaka ukapita juu ya kofia yangu. Pale pale beki wao mkubwa, Snow Haberfield, yule mwenye shamba la ng'ombe kule mtoni, akarukaruka akiupiga mlingoti kofi na kuonyesha juu. Midomo yake ilisema umegusa, umegusa. Nikaangalia nyuso za watu kwenye uzio. Nyingine zimefungua midomo, nyingine zimenuna. Sikupata jibu.

Mwamuzi wa katikati, yule msichana mwalimu wa shule, akanikimbilia. Akaniambia yeye kutoka pale alipokuwa aliona umepita safi na hakusikia kitu, lakini mimi ndiye niliyekuwa chini yake. Kama nina shaka nimwambie tu, hakuna ubaya, ataamua yeye. Brodie alikuwa amesimama hatua sita kutoka kwetu, mikono kiunoni. Yule mwalimu akaniuliza kama niliusikia ukigonga.

Nikamjibu, "Nimeusikia kwa masikio yangu mawili."

Kisha nikanyanyua kidole kimoja, na bendera moja.

Honi za Tarrakee nadhani zililia. Wakamwagika uwanjani. Bendera ya pili niliiacha chini kwenye tope. Brodie akaja, akainama, akaiokota, akaifuta tope kwenye kaptula yake, akanipa. Aliniangalia, dada. Nilidhani ni hasira. Nikawa na hasira mimi pia, nikasema moyoni kijana huyu hana adabu, anakosa halafu ananikazia macho.

Jumatatu Dooley alitundika orodha. Namba tisa haikuwa na jina. Jumatano Brodie aliacha funguo za ghala kwa tajiri wake akaondoka na basi. Mimi nilikaa baa nikieleza watu jinsi mpira ulivyogonga, juu kidogo ya ule mto uliofungwa mlingotini kukinga wachezaji wasiumie. Nikaonyesha na sauti yenyewe, nikagonga meza kwa kidole. Watu wakasema huyu ndiye Merv, hata damu yake hakuihurumia. Na nilifurahi. Andika hilo moyoni mwako: nilifurahi.

Wiki iliyopita Snow Haberfield alikuja hapa nyumbani na paja la kondoo kwenye gazeti. Mtu wa Tarrakee hajawahi kukanyaga kizingiti changu, nikajua kuna jambo. Alikaa kwenye kiti cha Frank, akazungusha kofia mikononi. Alisema ndiyo kwanza amesikia kijana ameondoka kwa ajili ya mpira ule. Akasema yeye hupiga kelele hivyo kila mpira unaokaribia mlingoti, tangu akiwa na miaka kumi na saba, na hajawahi kupata mwamuzi aliyemfuata, maana ni mchezo tu, kila beki anafanya. Alipoona kidole kimoja alitaka kuanguka kwa kicheko. Alidhani nitajua.

Nikamwambia mlio wa mlingoti ulinigonga masikioni, bwana, usinifundishe kazi. Nikasema kwa ukali. Akanisogelea, upande wa kulia, akaongea polepole kama mtu anayeongea na mtoto.

"Mzee, mimi nilikuwa chini ya mlingoti ule ule. Mpira ulipita ndani kwa urefu wa mkono. Haukugusa kitu. Sasa wewe ulisikia nini?"

Nilimfukuza, dada. Paja la kondoo nikampa mbwa. Kisha nikakaa.

Sasa narudi pale kwenye simu. Sikio langu la kushoto limekufa. Limekufa mwaka wa nne huu, na la kulia linakwenda njia hiyohiyo. Ni zile mashine za kunyolea, miaka arobaini ndani ya banda la bati. Daktari aliniambia nivae kifaa, nikamwambia vifaa ni vya wazee. Katibu wa klabu aliniuliza mara mbili kama nasikia vizuri, nikamwuliza yeye kama anaona vizuri, na tumbo lake lile. Miaka mitatu nimesimama golini nikisikia kwa kutazama. Natazama nyuso, natazama mikono, nasoma midomo, na nilikuwa hodari. Hilo usininyime, nilikuwa hodari sana. Mpaka siku jua lilipokuwa machoni na mpira ulipokuwa upande wa kushoto, na kijana ni wako.

Sikusikia kitu. Sikusikia king'ora, sikusikia mlingoti, sikusikia hata honi. Neno moja, "sina hakika", lingemwokoa, na mwalimu yule aliliweka mkononi mwangu kama kipande cha mkate. Nikalikataa kwa sababu lilinipunguza.

Na bado si hilo linaloninyima chakula. Nilipokaa ndipo nikaanza kukumbuka. Brodie mwaka mzima tukitembea alikuwa anatembea kuliani kwangu. Nikibadili upande, anazunguka. Akija nyumbani habishi hodi, anapita dirishani kwanza anipungie mkono. Akinirushia mpira jioni, hapigi kelele "huo", anasubiri nimtazame. Mimi nilidhani ni tabia yake. Kijana alikuwa anajua, dada, alijua tangu mwanzo. Aliposikia nikisema masikio yangu mawili, alikuwa hatua sita tu, na alijua ni uongo, na alijua amefunga, maana mpigaji hujua. Angesema maneno matatu, babu ni kiziwi, angebeba ushindi, jezi na jina lake. Akainama akaniokotea bendera.

Wewe umeandika kwamba hana moyo. Huyo ndiye mwenye moyo peke yake kati yetu. Mimi niliyeuambia mji mzima kwamba damu yangu haina macho, ni masikio ambayo sikuwa nayo, na nikamtwisha mtoto lawama ili koti langu libaki jeupe.

Alhamisi nilikwenda kwenye mazoezi ya kufunga msimu. Nilivaa koti lile, nikalivua mbele ya wote, nikalikunja juu ya meza ya soseji na bendera zote mbili juu yake, nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hawakucheka, au kama walicheka sikusikia. Mwenye duka alitazama viatu vyake. Dooley alichukua kalamu, akaenda ukutani, akaandika jina la Brodie kwenye namba tisa. Aliniandikia na mimi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba jezi itamsubiri mpaka mwezi wa pili, lakini haiwezi kumfuata machimboni, lazima mtu amwite. Matokeo hayabadiliki, hilo limekwisha. Jina linaweza kubadilika.

Sina namba yake. Wewe utaipata kwa Colleen. Mpigie leo, usingoje kesho, na kabla ya jambo lolote mwambie bibi yake haoni aibu tena, aibu imehamia kwa mwenye nayo, ambaye ni mimi. Mwambie alifunga. Mwambie sita, dada, sita safi. Na mwambie nimejua kwamba alikuwa anajua.

Jambo la mwisho. Jirani yangu Mama Schultz amenieleza jana kwa ishara kwamba simu yangu hulia karibu kila Jumapili saa kumi na moja jioni, inalia mpaka mbwa anabweka, halafu inakatika. Imekuwa hivyo tangu Brodie aondoke. Mimi nilidhani mbwa anabwekea magari. Simu wewe hupigi Jumapili, unakwenda kanisani. Sasa ni saa kumi na nusu. Nimesogeza kiti karibu na simu na nimeweka mkono juu yake, ili ikitetemeka niijue.

Nisalimie Colleen na mumewe, na samaki wao. Linda nyonga. Ukinijibu, andika kwa herufi kubwa, na usinihurumie.

Ni mimi mdogo wako mwenye kichwa kigumu,
Mervyn Tregilgas