Farasi Niliyemtia Kasoro

Nanyuki,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa abaayo, dada yangu Halima,

Asalaam aleikum warahmatullah. Naanza na hooyo, mama yetu, kabla yako, usinune: miguu yake vipi? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia imemfaa, au ameigawa kwa majirani kama kawaida yake? Nawe na watoto je? Hapo Iftin mvua imeshuka au bado mnahesabu mawingu? Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la mbuzi, imekunjwa hadi inafanana na hirizi. Nimeisoma mara nne. Nakujibu kwa Kiswahili maana ndicho mwalimu alichotuchapia viboko tukiandike. Kisomali changu ni cha mdomo tu, nikikiandika utacheka, na leo si siku ya kucheka.

Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo mgonjwa.

Unauliza ni kazi gani hii ya farasi nisiyotaka kuieleza. Sikia basi. Mimi ni saisi, mtunza farasi, kwa mama mmoja wa Kizungu tunayemwita Mama Eliza. Farasi wake wanaitwa wa kuwindia, lakini huu mwaka wa tatu sijaona wakiwinda hata sungura. Wanashindana kwa maumbile. Hawapandwi. Saisi anavaa shati jeupe, anamshika farasi hatamu, anamtembeza mbele ya jaji, anamkimbiza kidogo, kisha anamsimamisha ubavu ili miguu yote minne ionekane. Jaji anatazama na kuandika: huyu angefaa kuwinda, huyu asingefaa.

Mashindano ya kweli huja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo Mama Eliza hutufanyisha ya kuigiza. Mpishi wetu Wambua, Mkamba wa Mwingi, huvishwa kofia akawa jaji. Bawabu hutangaza majina kwa kopo la rangi lililotobolewa. Majirani huketi kwenye viti wakapiga makofi, wakijifanya mabwana wakubwa wa uwindaji. Mwanzoni nilicheka mpaka mbavu zikauma, watu wazima na ndevu zao wakicheza kama watoto. Baadaye nikaja kuupenda mchezo wenyewe.

Niliupenda kwa sababu ya Zawadi. Ni farasi jike mwekundu. Alikuja hapa mbavu nje, akiogopa hata ndoo. Nilimlisha kwa kiganja, nikamzoesha kwa ile sauti tunayowaitia ngamia kisimani, akanielewa. Ngamia wetu walipokwisha kwa ukame nilidhani sitampenda mnyama tena. Nilijidanganya.

Mwezi uliopita Mama Eliza akasema nyasi zimepungua, kati ya majike wawili atabaki na mmoja, yule atakayechaguliwa kwenye igizo. Mwingine atauzwa. Na safari hii jaji hakuwa Wambua. Alialikwa mzee mmoja mjuzi wa farasi, mwenye mvi hadi masikioni.

Abaayo, ungemwona Zawadi siku hiyo! Nilipotembea alitembea, niliposimama alisimama, shingo juu, ngozi inang'aa. Mzee akamzunguka mara mbili, akavua miwani, akasema kwa sauti kila mtu asikie:

“Miaka yangu yote sijaona miguu mizuri kama hii. Huyu hana kasoro hata moja.”

Basi, akaishia hapo. Hakusema mashallah. Hakumtaja Mungu kabisa, na viti vyote vile vimejaa watu wanaomkodolea macho. Wewe huhitaji kuelezwa. Wambua nilishamfundisha, akitaka kumsifu Zawadi hutanguliza mashallah, pamoja na Ukristo wake wote. Huyu mzee nani angemfundisha? Mdomo ukafunguka wenyewe:

“Habana, mzee, usidanganyike! Huyu hana kitu. Ile mguu ya nyuma ni mbofu. Hata kula, hakuli fizuri.”

Nilikuwa namkinga na jicho la husuda, Halima. Mzee wa kwetu angeelewa papo hapo, angecheka, angesema mashallah, mambo yakaisha. Huyu alitoa kalamu akaandika.

Nilipoiona kalamu nikajua nimefanya nini. Mama Eliza alinivuta kando, uso umemwiva.

“Bishar, ama umemdanganya jaji mbele ya wageni wangu, ama miezi yote hii umenificha farasi mgonjwa. Ni lipi?”

“Hakuna, Mama. Farasi ni mzima kabisa. Nilisema file kwa sababu nambenda.”

“Unampenda, ndiyo ukamharibia jina?”

Wambua akaingilia, na kofia ya ujaji ya zamani bado ameishika. “Mama, hawa ndivyo walivyo. Mimi nimepakana nao. Akikwambia mbuzi wake mbaya, huyo ndiye umnunue.”

Nusura Mama atabasamu. Lakini mzee alishasema kwamba saisi ndiye anayeyajua yasiyoonekana kwa siku moja. Daktari wa mifugo akaitwa, akaupapasa ule mguu, hakupata kitu, naye akasema kuna kuchechemea kunakojificha, hawezi kuapa. Shaka ikaingia, na hakuna aliyeweza kuitoa. Mimi nilieleza hadi sauti ikakauka. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo zaidi.

Ijumaa lori la mnunuzi likaja. Zawadi aligoma kupanda, wanaume watatu wakamshindwa. Ikabidi niitwe mimi. Nilimwita tu, akanifuata ndani bila kuvutwa, akaweka pua begani mwangu. Kisha nikashuka, wakafunga mlango. Kazi sikufukuzwa. Afadhali wangenifukuza. Nililia, abaayo, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Jana, nikiosha banda lake tupu, nikamkumbuka aabo, baba yetu. Unaikumbuka siku niliyoondoka, pale kwenye stendi ya mabasi? Shemeji zako na majirani walinizunguka wakinisifu, kijana mrefu, ana nguvu, ana akili, atafika mbali. Aabo akawakatiza: “Huyu? Huyu hana mkono wa kazi wala akili. Mbuzi wawili hawezi kuchunga. Mwacheni aende, hatutapungukiwa na kitu.”

Nilipanda basi bila kumpa mkono. Miaka mitatu, Halima, kila barua nawasalimu hadi watoto wa muuza maji, yeye simtaji. Ulidhani nasahau. Sikuwa nasahau.

Sasa nilisimama na ufagio mkononi, nikamsikia upya. Watu wote wale walinisifu, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina la Mungu.

Nisalimie hooyo, umbusu mikono. Msalimie mjomba wetu, abti Garane wa soko la mbuzi, na eeddo Fatuma wa Waberi, mwambie shangazi yangu huyo kwamba sweta yake ndiyo inayoniweka hai katika baridi hii. Wabusu watoto wako mmoja mmoja. Halafu keti karibu na aabo, umsomee barua hii yote kwa Kisomali, taratibu, usiruke neno. Mpe mkono kwa niaba yangu. Na watu wakiulizia habari zangu mbele yake, akawaambia mimi sifai kitu, usimkatize, abaayo. Mwache aseme.

Ni mimi ndugu yako,
Bishar