Picha ya Bi Verena Si Yake

Mpendwa dada Mwende,

Salamu kutoka huku ughaibuni, Parramatta, baridi kali na bado tumefungiwa kwa sababu ya korona.

Bi Verena, yule bibi Mswisi ninayemtunza, alikuwa mchapaji wa picha ujanani. Juzi aliikazia macho ile ya ukutani, isiyo na mtu wala nyumba, duara tatu nyekundu tu, aliyoichapa kwa ubao wa kuchonga kule Zurich baada ya vita.

"Hii si yangu," akasema. "Umeibadilisha."

Hapa neno kama hilo huweza kumfukuzisha mtu kazi.

"Iteremshe, upapase nyuma. Ubao huacha makovu kwenye karatasi."

Nikapapasa. Nyuma palikuwa laini kama kioo. Kweli ilikuwa nakala! Na tangu tufungiwe, aliyeruhusiwa kuingia zaidi yangu ni mwanawe peke yake. Sikuthubutu kumtaja. Bi Verena mwenyewe akaniuliza:

"Mwanangu alitoka na nini Jumapili?"

"Mfuko mkubwa, mpana, Mama."

Akaitazama tena ile nakala mikononi mwangu. Kisha akasema, "Itundike tena. Na akija, mwandalie chai, asijue kwamba tumejua."

Nikaitundika.

Mkumbatie mama kwa ajili yangu, Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako,
Kanini