Kiduara cha Kahawia

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Bosi ameisoma kwa sauti akiwa amesimama, kama anasoma wosia. Sheria mpya: duka lolote la mtandaoni lazima liweze kutumiwa na kila mtu — asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kushika mausi ya kompyuta. Mwisho wetu Ijumaa tarehe 21. Tukichelewa, faini, na duka linafungwa mpaka lirekebishwe. Tuko wanne tu, pamoja na dada wa mapokezi aliyeanza leo, na tuna nguo mia sita na arobaini. Macho ya Bosi yakatua kwangu. Maelezo ya nguo ni kazi yangu tangu tuanze.

Jumanne, 4 Machi

Miwani, fundi wetu wa kompyuta (siku hizi hata havai, jina limemganda), amewasha ile sauti ya simu inayowasomea wasioona. Akafumba macho, akaingia dukani kwetu. "Picha. Picha. Picha. Kitufe. Picha." Ofisi nzima imecheka. Na mimi nimecheka, masikio yananiwaka.

Ukweli ni kwamba ni mimi. Miaka mitatu iliyopita mfumo ulikuwa unakataa kuhifadhi nguo kama kisanduku cha maelezo ya picha kiko wazi. Nilikuwa na haraka. Nikaandika "picha", nguo baada ya nguo. Na Mama alikuwa ameshapoteza macho! Sikuunganisha kabisa. Bosi amesema lazima ni yule binti aliyekuwa akinisaidia kupakia picha kabla hajaacha kazi. Sikumtetea. Aibu yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nguo sitini leo. Niliandika "gauni la kuvutia" na Miwani akauliza, la kuvutia kivipi? Nikalifuta.

Nyumbani nikamuuliza Mama. Alishona miaka thelathini na moja kabla ya presha ya macho, nani mwingine nimuulize? Akasema niseme zipu iko nyuma au ubavuni. Kola ya aina gani. Mikono inaishia wapi. Kitambaa kinaanguka au kinasimama. Nimeandika kurasa mbili. Halafu akasema, "Kumbe miaka yote hiyo mnauza nguo bila kusema ni nguo gani."

Jumatatu, 10 Machi

Mia mbili na themanini. Mgongo umekufa. Sasa hata birika nikiliona kichwa kinaandika: la bati, mkono mweusi, mfuniko umebonyea kushoto.

Jumatano, 12 Machi

Fomu ya serikali inataka duka lijaribiwe na mtu asiyeona. Bosi hajatumia hata nusu dakika kufikiri. "Dada, si mama yako haoni? Mlete Alhamisi ijayo." Miwani akaongeza kwamba Mama atumie akaunti yangu, kwa sababu vitu vyake vyote navinunua humo, na lazima wajaribu pia ukurasa wa oda zilizopita. Nikasema sawa. Sikupepesa hata jicho.

Mama amefurahi mpaka ameimba. Ameshachagua nguo ya kuvaa. "Si gauni langu la damu ya mzee!"

Hapo ndipo nilipokosa raha. Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Harusi ya mdogo wangu, miaka miwili iliyopita, Mama aliniagiza gauni refu la damu ya mzee. Ile nyekundu nzito, rangi aliyokuwa akiwashonea wengine na hajawahi kujishonea mwenyewe. Saizi yake katika rangi hiyo ilikuwa imekwisha. Ilibaki kahawia. Nikanunua kahawia, nikamwambia ni damu ya mzee. Mdogo wangu nilimkonyeza. Wageni wakamsifu Mama, linakupendeza, linakupendeza, hakuna aliyetaja rangi. Nikajiambia yamepita.

Jumatatu, 17 Machi

Nguo zimeisha! Zote mia sita na arobaini. Bosi ameleta soda.

Kabla sijamaliza yangu, Miwani ameita. Kwenye oda zilizopita, rangi ya nguo inaonyeshwa kwa kiduara tu. Kiduara chekundu, kiduara cheusi. Mwenye macho anaelewa. Asiyeona hasikii kitu. Sheria inakataza rangi kutajwa kwa macho peke yake. Kwa hiyo kila kiduara kinahitaji neno. Viko ishirini na nane, na wa kuvipa maneno ni mimi.

Jumanne, 18 Machi

Nimefika cha kumi na tisa. Kahawia.

Nimekitazama muda mrefu. Nikaandika "damu ya mzee". Nikabonyeza hifadhi. Nikaenda kuchemsha chai. Neno moja tu. Nani atajua? Miwani hatofautishi hata pinki na zambarau.

Jumatano, 19 Machi

Sijalala vizuri. Kuna mwanamke mahali, haoni, ananunua peke yake, anataka kahawia. Au anataka damu ya mzee kweli, analetewa hii. Na mimi ndiye niliyemwandikia. Kumdanganya Mama mmoja kulinitosha.

Saa mbili na robo nimerudisha: kahawia.

Jioni nilitaka nimwambie Mama kabla hajaambiwa na simu. Alikuwa anapiga pasi, anafuata mshono kwa kidole gumba kama zamani. Nikaanza, "Mama, hilo gauni..." Akadakia, lina doa? Nikasema halina. Akasema afadhali, maana kesho hataki kuniaibisha mbele ya bosi wangu. Nikaenda kuosha vyombo. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 20 Machi

Naandika ofisini. Mama yuko mapokezi, mlango uko nusu wazi.

Bosi alimpa shikamoo, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mama akashika simu. Akatafuta blauzi. Akasikiliza kola, mikono, vifungo — maneno yake mwenyewe yanamrudia. Akachagua, akaweka kikapuni, akalipa. Dakika sita. Ni mara ya kwanza tangu macho yaondoke kununua kitu bila kuniuliza mimi. Alicheka kwa nguvu. Nilitaka kulia.

Kisha Miwani akamwomba afungue oda zilizopita. Simu ikasoma. Sketi ndefu, nyeusi. Sweta, nyeupe. Halafu: gauni refu, mikono mirefu, kahawia. Na tarehe. Wiki ile ya harusi.

Kidole kikasimama. Akakirudisha juu, ikasoma tena. Kahawia. Akashuka hadi mwisho wa orodha, akitafuta gauni jingine. Hakuna jingine. Mkono wa pili ukaenda gotini, ukashika kitambaa.

Bosi akauliza kama imesomeka.

"Imesomeka," Mama akasema. "Maneno yako wazi kabisa."

Miwani akaweka tiki. Mama akainuka. Aliomba apelekwe mapokezi anisubiri. Nilimpa mkono, akashika wa Miwani.

Fomu iko mbele yangu. Rangi zote zimetajwa kwa maneno sahihi: ndiyo. Bosi anataka saini yangu kabla ya saa kumi. Kalamu ninayo, naandikia humu.

Namsikia Mama anaongea na dada wa mapokezi. Sauti yake ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Hili gauni nililovaa ni rangi gani?"