Patasi Zilizopinda Mfupani

Mgodini, Geita

Baba, shikamoo.

Nakuamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, ingawa hunioni. Mgongo unaendeleaje, na mvua za huko Masumbwe zimeshika? Mama je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Mama Petro na watoto hawajambo, na yule mdogo ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Namwomba mwalimu wa dini anayekusomea barua hii aisomee ndani, asiisome barazani kama ile iliyopita. Ile ilikuwa ya kujisifu. Hii ni ya aibu.

Katika ile nilikueleza juu ya mkataba wangu na hospitali ya misheni. Tangu vita viishe, vyombo vya kupasulia mifupa vinavyoagizwa Ulaya vinachelewa sana, na daktari alisikia kwamba katika karakana ya mgodi yuko mtoto wa mhunzi. Tukaandikiana. Yeye atoe chuma, yaani springi za malori mabovu, nami nimfulie patasi za kukatia mfupa, kulabu za kushikia nyama na tupa za kulainishia. Nilitia sahihi kwa mbwembwe, Baba. Chini ya jina langu niliandika na lako, wajue kwamba uhunzi sikuuokota njiani.

Patasi za kwanza zilitoka nzuri mno. Nilizisugua kwa mchanga na majivu mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Daktari alizigeuzageuza, akazigonga kwa ukucha, akatabasamu kama mkwe aliyeletewa majembe. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Maana wewe unajua na mimi najua: kabla sijatoroka kuja huku, mkono wangu ulikuwa umezoea jembe la mahari tu, lile jembamba la kung'aa, linalosifiwa likatundikwa darini, lisionje udongo mpaka litoke kwenda kuoa tena kwa watu wengine. Jembe la kulima ulilimalizia mwenyewe. Uliniambia kukitia chuma maji ili kikaze ni kazi ya mwenye subira, ningoje zamu yangu. Sikungoja. Basi patasi za hospitali nilizifua kama majembe ya mahari, nikazizima majini kwa kubahatisha, huku napiga mluzi.

Yupo mchimbaji mwenzetu, Mabula, mtu wa Tinde. Jiwe lilimwangukia chini shimoni likamvunja muundi, na mfupa ukaunga kombo. Daktari alitaka kuukata upya na kuunyoosha. Wakamlaza, wakaufungua mguu, wakaanza kazi na patasi zangu. Ya kwanza ilipinda mapigo hayajafika mbali. Ya pili ukingo wake ulijikunja kama jani la tumbaku. Nyingine hawakuwa nayo. Ikabidi wamshone, mguu ukiwa kombo vilevile na kidonda kipya juu yake.

Daktari aliniita akaziweka patasi mezani. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniuliza, "Hivi ndivyo baba yako alivyokufundisha?"

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana Daktari."

Baba, neno hilo nimeliandika na kalamu ikakataa kuendelea. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuitwa mwongo, nikaona heri wewe uitwe fundi mbovu, kwa kuwa uko mbali na hutasikia. Wewe ambaye watu walikuwa wakivuka mito kufuata majembe yako. Nilitoka pale nikaenda kula ugali kama kawaida, na ulipita.

Nikawa nampelekea Mabula maziwa wodini. Kila nikimpa kibuyu ananiambia, "Wabeja," na shukrani ile ilinichoma kuliko tusi. Hakujua. Alipokuja kuambiwa na wauguzi, aliomba aletewe ile patasi iliyopinda, akaipapasa weee, kisha akanitazama. "Kumbe kwenu chuma ni cha kuolea tu," akasema. "Basi nitafutie na mke, maana mguu wa kazi sina tena." Wagonjwa wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nje nyuma ya jiko la hospitali nililia, mtu mzima mwenye watoto.

Siku hiyohiyo nilirudi kwa daktari nikamwambia kweli: kwamba baba yangu hana kosa, kwamba nilimkimbia kabla hajanifundisha, nikamwomba alitenge jina lake na langu. Akasema hatauchana mkataba bado. Kidonda cha Mabula kikipona ataufungua mguu tena, kabla mfupa haujakomaa zaidi, na safari hiyo anataka patasi zisizopinda. Zikipinda, mkataba umekufa, na Mabula atarudi Tinde akichechemea, maana mgodi haumchukui mtu wa hivyo. Aliniuliza nani atazifua. Nilimjibu kwamba sijui kama baba atanipokea.

Msimamizi wa karakana amenipa ruhusa. Nitakuja na lori la pamba, na springi nitazibeba mwenyewe. Sikuombi unifulie wewe ndipo mimi nikaringe nazo huku. Nataka nijifunze lile nililolikimbia, na ukinikataa nitajua umenikataa kwa haki.

Mwambie Mama nampigia magoti. Msalimie kaka mkubwa, ambaye najua atacheka, na ana haki ya kucheka. Shangazi mfinyanzi mwambie chungu alichonipa bado kipo kizima. Na mwalimu wa dini nampa pole kwa kazi ya kusoma haya.

Neno moja tu, Baba. Nikiingia kiwandani usinikabidhi nyundo. Nikalishe kwenye mivukuto ya kupulizia moto pamoja na watoto, nivukute mpaka utakaponiita wewe.

Mimi mwanao niliyekusingizia,
Yosefu