Mabati ya Mama Yako na Mkono Wangu

Kitongoji cha Mwangaza,
S.L.P. 31,
Iguguno, Singida.
14 Desemba 2023.

Mpendwa mpwa wangu Enock,

Shikamoo uliyonitumia kupitia kwa mdogo wako Hosea ilinifikia. Marahaba, mwanangu. Natumaini kifua kilichokusumbua huko Tunduma kimepona, na kwamba mkeo Ritha na mtoto ni wazima. Sisi huku hatujambo. Goti langu hukataa kazi asubuhi, lakini mchana hunitii.

Mvua zimeanza vizuri. Mama yako amekwisha kupanda mahindi. Nakuandikia kwa sababu yake, nami sitaki ulisikie jambo hili kwa wengine kabla yangu.

Unajua kwamba alikuwa katika orodha ya kaya maskini zinazopata ruzuku ya serikali. Mwezi wa kumi mkutano wa kijiji uliitwa kuipitia orodha hiyo. Watu walinong'ona kwamba mwenye nyumba ya bati si maskini. Nilijua kwamba mabati yale uliyanunua wewe, kwa vibarua vya miaka miwili. Nilijua pia kwamba chini yake lilikuwamo debe moja tu la mahindi. Lakini mimi ni kaka yake, tena ni mjumbe wa kamati, na niliogopa kuambiwa kwamba napendelea ndugu. Mwenyekiti alipowataka wanaotaka aondolewe wanyooshe mikono, wa kwanza nilikuwa mimi. Mkutano mzima ukanifuata.

Mama yako hakulia. Alisimama akaniuliza, "Kaka, bati linapikwa?" Kisha akawageukia wote. "Gunia langu la alizeti mnalitoza ushuru. Sabuni ninayonunua ina kodi. Siku ya kutoa mnanijua, siku ya kupewa mnatazama paa!"

Jina lake likafutwa.

Juma lililofuata nilipita kwake nikamkuta Hosea juu ya nyumba, aking'oa misumari. Mabati mawili yalikuwa chini tayari, na mafungu ya nyasi yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mama yako alitaka maofisa wa ruzuku wakija waikute nyumba ya nyasi. Enock, hapo nilishindwa. Nilifundisha watoto wa kijiji hiki kusema kweli kwa miaka thelathini na mmoja, kisha nikamfanya dada yangu aivue nyumba yake ili aaminiwe.

Nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano mwingine, nami nikakiri mbele ya watu. Fatu, yule muuza vitumbua, akapaza sauti: "Mwalimu, tulinyoosha kwa sababu wewe ulinyoosha! Nani humu hukumchapa?" Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sikuufurahia mzaha huo, lakini Fatu alisema kweli. Kura ile haikuwa kura.

Basi tulikubaliana kura irudiwe kwa siri: kila mtu alipewa punje moja ya mahindi na mbegu moja ya alizeti, akaingia peke yake katika darasa la shule tulipokutania. Ndani palikuwa na chungu. Anayetaka mama yako arudishwe alitia hindi. Asiyetaka alitia alizeti. Mimi nilibaki nje, sikupiga kura. Chungu kilipomiminwa, mahindi yalikuwa sabini na mawili, alizeti kumi na moja.

Wale kumi na mmoja siwachukii. Nadhani baadhi yao ni maskini kuliko mama yako, na majina yao hayajaandikwa hata mara moja. Nimeahidi kuyapeleka katika kikao kijacho cha kamati, nami nitayapeleka.

Usijilaumu kwa mabati yale. Jana nilipanda ngazi mwenyewe, kwa goti hili hili, nikayarudisha yaliyong'olewa na kuyapigilia misumari kwa mkono ule ule niliounyoosha. Mama yako alishika ngazi huku akinigombeza kwamba napigilia upande. Alasiri mvua kubwa ilinyesha. Tulikaa ndani tukinywa uji, na hakuna tone lililotuangukia.

Hosea anakusalimu, na shangazi yako Rebeka pia. Mama yako anasema umbusu mtoto. Mungu akulinde kazini na akulete nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye daima,
Obadia